Jinsi ya Kuokoa Mkanda wa Video Wenye Filamu ya Nyimbo ya Utotoni

Umefungua sanduku la mama, chini kabisa, chini ya vitenge na picha za harusi, ukakuta mkanda wa VHS ulioandikwa kwa kalamu ya wino: "Sound of Music, usifute." Jambo la kwanza: usiuingize kwenye deki. Hamu ya kuona tena kile kilichotukusanya sebuleni ndiyo inayomaliza mikanda mingi. Mkanda uliolala miaka ishirini au thelathini, hasa kwenye joto na unyevu wa pwani, huenda una kuvu, umegandana au umelegea kwenye rili, na deki chafu itautafuna dakika ya kwanza. Uache hapo mezani, soma kwanza.

Tutatumia filamu hiyo kama mfano kwa sababu wengi tuliiona kwenye runinga na kwa sababu urefu wake unaleta mambo yake maalumu. Ila kazi ni ile ile hata kama mkanda wako una onyesho la taarabu kutoka Televisheni Zanzibar, kwaya ya Krismasi au katuni ya nyimbo.

Kwa nini usinunue tu diski

Watu wataniambia filamu hiyo inauzwa, safi, yenye rangi kali, kwa nini kuhangaika na mkanda. Nunua, ni nzuri. Lakini uliyoiona utotoni siyo hiyo, na tofauti zake zinapimika.

Ya kwanza ni sauti. Filamu ya sinema hupigwa fremu 24 kwa sekunde. Runinga za mfumo wa PAL, uliotumika Kenya, Tanzania, Uganda, Oman na Uingereza, huonyesha fremu 25. Njia ya kawaida ya kuirusha filamu ilikuwa kuiendesha kasi kidogo, kama asilimia 4 zaidi. Filamu ya dakika 174 ikaisha kwa dakika 167, na kila wimbo ukapanda juu kwa takriban asilimia 70 ya nusu toni. Sikio lililofunzwa na runinga ya PAL likisikia diski ya leo, huona wimbo umeshuka na unaburuta. Hujakosea. Ulijifunza kuuimba kwenye ufunguo mwingine.

Ya pili ni picha. The Sound of Music ilitengenezwa mwaka 1965 kwa filamu pana ya milimita 70, upana wake ni mara 2.20 ya kimo. Runinga ya zamani ilikuwa 4 kwa 3. Ili picha ijaze kioo, ilibidi kuikata pembeni, na kilichobaki ni kama asilimia 60 tu. Watoto saba wa Kapteni von Trapp, baba wa familia ya filamu hii, wakipanga mstari, kioo hakikuwatosha wote. Mtu aliyeshughulikia nakala ya runinga ndiye aliyechagua nani aonekane. Kwenye diski utawaona wote saba, na utashangaa.

Ya tatu ni kilichopunguzwa na kilichoongezwa. Vituo vilikata filamu ndefu ili zienee kwenye ratiba, vikaweka matangazo, na kati yake mtangazaji akaja kusema jambo. Sauti yake, nembo ya kituo, tangazo la sabuni ambalo mtaa mzima ulikuwa unaliimba: hayo hayauzwi popote. Inawezekana kabisa nakala pekee iliyobaki duniani ni hiyo iliyo mkononi mwako. Kwa hiyo katika kazi yote hii usiukate mkanda, usiruke matangazo, usianze pale filamu inapoanzia. Nasa mkanda wote, kuanzia mchirizi wa kwanza mpaka theluji ya mwisho, zile chembe nyeupe za mkanda mtupu.

Jua ulicho nacho

Soma maandishi ya kiwandani kwenye ganda. E-180 maana yake dakika 180 kwa mfumo wa PAL, E-240 ni dakika 240. T-120 ni dakika 120 kwa mfumo wa NTSC wa Marekani, lakini mkanda huo huo ukirekodiwa kwenye deki ya PAL hubeba karibu saa tatu kasoro kidogo, kwa sababu PAL huendesha mkanda polepole zaidi. Herufi kwenye ganda basi zinaonyesha ganda lilitengenezwa kwa soko gani, hazithibitishi kilichorekodiwa ndani.

Mkanda ulioletwa na shangazi kutoka Marekani utakuwa NTSC. Ukichezwa kwenye deki ya PAL pekee, picha itazunguka na sauti itakuwa nzito, inaburuta, maana deki ya PAL huvuta sentimita 2.34 kwa sekunde wakati mkanda ule ulirekodiwa kwa sentimita 3.34. Mkanda wa Ufaransa, au uliorekodiwa nchi zilizofuata mfumo wa SECAM kama Kongo, kwenye deki ya PAL kwa kawaida hutoa picha nyeusi na nyeupe. Mikanda yote hii ni mizima, inahitaji tu deki ya mifumo mingi. Kinyume chake pia hutokea: unakumbuka filamu ikiwa nyeusi na nyeupe kwa sababu runinga ya nyumbani ilikuwa hivyo, kumbe mkanda una rangi zote.

Sasa hesabu inayouma. Filamu ya dakika 167 kwenye mkanda wa E-180 inaacha dakika 13 tu. Kituo kikiweka matangazo zaidi ya hapo na aliyerekodi hakuyakata, mkanda uliisha familia ya von Trapp ikiwa bado imejificha makaburini kwenye nyumba ya watawa, kabla hawajauvuka mlima. Ndiyo maana watu wengi wanakumbuka filamu isiyo na mwisho. Kabla hujakata tamaa, kagua mikanda mingine ya nyumbani: aliyerekodi mara nyingi alichomoa mkanda ulioisha akachomeka wowote uliokuwa karibu. Dakika 15 za mwisho zinaweza kuwa mwanzoni mwa mkanda wa harusi, au katikati ya mpira. Usipuuze mkanda wowote kwa sababu ya jina lake.

Kisha vunja kile kijino cha plastiki kilicho mgongoni mwa ganda, upande wa lebo, kama bado kipo. Kikishatoka, deki haiwezi kurekodi juu yake. Kuna familia zilizopoteza kumbukumbu kwa sababu mtoto alibonyeza kitufe chekundu.

Kagua kuvu kabla ya yote

Toka nje penye mwanga, vaa barakoa na glavu. Tazama kupitia dirisha la ganda, pembeni mwa bunda la mkanda. Bunda lisilo na kuvu linang'aa jeusi, laini, kama sahani ya santuri. Ukiona vumbi jeupe, nyuzi kama za buibui au madoa ya kijivu kwenye ukingo, hiyo ni kuvu. Fungua na mlango wa mbele: ubavuni mwa ganda kuna kitufe kidogo, kibonyeze kwa kucha, mlango utainuka. Utaona kipande cha mkanda kilichonyooshwa. Kikiwa kimejikunja kama karatasi iliyolowa, usiendelee mwenyewe.

Kuvu inaambukiza. Mkanda mmoja ukipita kwenye deki, mbegu zake hubaki kwenye hedi, yaani visomeo vya mkanda ndani ya deki, na kupandikizwa kwenye mkanda unaofuata. Mikanda yenye kuvu itenge siku hiyo hiyo, kila mmoja kwenye mfuko wake. Mkanda wenye kuvu mbichi, inayoacha doa ukiigusa, ukaushe kwanza: uweke kwenye boksi la plastiki linalobana na vipakiti vya silika, vile vinavyokuja na viatu, kwa wiki moja au mbili. Usiuanike juani wala usiutie kwenye oveni. Joto hupinda plastiki, na mkanda uliopinda haunyooki tena.

Kuvu ikishakauka na kuwa unga, isafishe hivi. Laza ganda kifudifudi. Upande wa chini, ambao sasa uko juu, una skrubu tano za nyota. Zitoe, ligeuze likae sawa, inua kifuniko taratibu ukishika mlango wa mbele usiruke na springi yake. Kabla ya kugusa chochote, piga picha kwa simu njia ya mkanda: unapita vijiti gani, mbele au nyuma. Hapo ndipo wengi hukosea wakati wa kurudisha. Kisha vuta mkanda kutoka rili moja kwenda nyingine kwa mkono, ukipita katikati ya kitambaa kikavu laini kama cha kufutia miwani, umekikunja na kukishika bila kubana. Badilisha sehemu ya kitambaa kila inapoingia weusi au weupe. Ganda lenyewe lifute kwa spiriti, au bora zaidi hamishia rili kwenye ganda la mkanda mwingine usio na thamani. Spiriti isiguse mkanda wenyewe.

Mkanda wa E-180 una karibu mita 258. Utachoka. Gawanya kazi, lakini usiuache wazi usiku.

Mkanda uliokatika

Mara nyingi hukatika karibu na mwanzo, pale mkia mwangavu unaposhikana na rili. Hapo huna unachopoteza: unabandua kibanio kidogo cha rili, unaingiza ncha mpya, unakibonyeza kirudi. Ukikatika katikati ya wimbo, unahitaji utepe maalumu wa kuunganishia mikanda, siyo selotepu ya ofisini. Gundi ya selotepu huvuja kwa joto, ikafika kwenye hedi, na hedi yenye gundi ni hedi ya kutupa.

Upande unaotazama nje ya ganda ndio wenye rekodi, kwa hiyo utepe unaubandika upande wa ndani. Kata ncha zote mbili kwa wembe mpya, zikutane bila kupandana wala kuachana, bandika, kandamiza kwa kucha, kata mabaki yanayozidi kingo. Ukilazimika kuondoa kipande kilichotafunwa, jua kuwa kila sentimita 2.3 ni sekunde moja. Sentimita kumi ni mstari mzima wa wimbo, basi kata kwa huruma. Baada ya kuunganisha, nasa sehemu hiyo mara moja tu na usiirudie. Kiungo kinachopita juu ya hedi zinazozunguka ni hatari hata kikiwa kizuri.

Kuitafuta deki na kuiandaa

Deki mpya hazitengenezwi tangu mwaka 2016. Kwa mafundi wa Kariakoo Dar es Salaam au Luthuli Avenue Nairobi bado utakuta deki zilizotumika. Tafuta yenye hedi nne, yenye sauti ya Hi-Fi (nitaieleza chini), na kama utabahatika, ya S-VHS, yaani VHS ya daraja la juu, yenye kifaa cha kunyoosha picha ndani. Na kama deki ile ile iliyorekodi mkanda bado ipo, hata ikiwa imekufa, ipeleke kwa fundi kabla ya kununua nyingine. Hedi zake za sauti zimekaa kwa pembe ile ile iliyorekodi, kwa hiyo hutoa sauti angavu ambayo deki ngeni haiipati. Mara nyingi kilichokufa ni mkanda wa mpira ndani, au kirola kimoja.

Kusafisha hedi: chomoa waya wa umeme, fungua kifuniko cha juu. Utaona ngoma ya chuma inayong'aa, imeinama kidogo, kipenyo chake milimita 62. Kwenye ukingo wake wa chini kuna hedi ndogo kama chembe ya chumvi. Usitumie pamba ya masikio hapo, hata kidogo. Nyuzi hunasa na kuvunja chembe hiyo. Chukua kipande cha ngozi laini ya kusafishia, au karatasi nyeupe ya printa, kiloweshe kwa spiriti ya aisopropili ya asilimia 99, kishikilie kimetulia kwenye ngoma, na mkono wa pili uzungushe ngoma kwa kushika juu yake. Mizunguko mitano inatosha. Kinachozunguka ni ngoma, kitambaa hakisogei, na kamwe usisugue kwenda juu na chini. Spiriti ya kuwashia jiko haifai, ina maji na rangi.

Pamba ya masikio itumie kwenye hedi ya sauti isiyozunguka, kulia kwa ngoma, na kwenye kijiti cha chuma kinachovuta mkanda. Kirola cha mpira kinachokibana kijiti hicho kifute kwa kitambaa chenye maji kidogo ya sabuni, kisha kikavu. Kwa filamu ya nyimbo, kirola hicho kina thamani kuliko kitu kingine chochote. Kikiwa kigumu na kinang'aa kama kioo, mkanda huteleza, na noti ndefu hutetemeka. Kwenye mazungumzo husikii kitu. Kwenye wimbo, pale mwimbaji anapoishikilia noti ya mwisho kileleni mwa mlima, utaisikia ikiyumba kama santuri iliyopinda.

Jaribu deki kwa mkanda usio na thamani kwa nusu saa. Ukitoka bila mkunjo ukingoni, deki ni salama. Na kama mkanda umetoka chumba chenye kiyoyozi kwenda chumba cha joto la Mombasa, uache saa 24 utulie, la sivyo umande hukaa kwenye ngoma na mkanda hunata.

Sasa ingiza mkanda wako, uupeleke mbele mpaka mwisho na uurudishe mwanzo mara moja bila kuucheza, ili bunda likae na mvuto sawa. Ndipo tayari.

Kunasa

Unahitaji kifaa cha USB cha kunasa video chenye matundu ya waya za AV: njano ya picha, nyeupe na nyekundu za sauti. Kama deki ina S-Video, tundu la picha lililo bora zaidi, itumie badala ya njano. Visanduku vya kugeuza AV kuwa HDMI usivitumie. Vingi hupanua picha iwe bapa na huharibu mistari yake kabla haijafika kwenye kompyuta. Kurekodi kioo cha runinga kwa simu ndiyo mbaya kuliko zote: michirizi itapita juu ya picha mwanzo hadi mwisho, na mwangwi wa chumba utaingia kwenye kila wimbo.

Tumia programu ya VirtualDub kwenye Windows, iwekwe saizi 720 kwa 576, fremu 25, mistari ikiwa imepishana kama ilivyo, usiipeleke kwenye fremu kamili bado. Kwa mkanda wa NTSC ni 720 kwa 480 na fremu 29.97. Hifadhi kwa kodeki (njia ya kubana video) isiyopoteza kitu, kama HuffYUV au Lagarith. Kila saa itakula takriban gigabaiti 35, kwa hiyo mkanda mzima wa saa tatu unataka zaidi ya gigabaiti 100. Andaa diski ya nje yenye nafasi, siyo flashi. Zima mtandao, kinga-virusi na kila programu nyingine. Kompyuta ikisita, fremu hudondoka.

Kwenye menyu ya deki, zima ile skrini ya buluu inayotokea mkanda ukiwa na kasoro. Kila mahali aliyerekodi alipobonyeza kitufe cha kusitisha ili kuruka tangazo kuna kishindo kidogo cha rangi. Deki ikiweka buluu hapo, programu hupotea hesabu na sauti huachana na midomo. Hilo ndilo tatizo kubwa kuliko yote kwenye filamu za nyimbo. Ukimaliza, tazama dakika ya pili na dakika ya 150: midomo ikikubaliana mwanzo na kuachana mwisho, angalia idadi ya fremu zilizodondoka. Chache haziathiri. Mamia zikidondoka, nasa upya, na hapo kinasa DVD cha zamani kikiwekwa kati ya deki na kompyuta, bila kurekodi chochote, mara nyingi hutuliza mawimbi na tatizo huisha.

Rekebisha trakingi, yaani jinsi hedi zinavyofuata mistari ya rekodi, kwa mkono mpaka mstari wa fujo utoke katikati ya picha. Michirizi michache chini kabisa ni ya kawaida, runinga ya zamani iliificha nyuma ya fremu yake. Usiikate kwenye nakala ya asili.

Sauti

VHS ina njia mbili za sauti. Moja hupita ukingoni mwa mkanda, inasomwa na hedi isiyosogea. Ni ya mono, ina mvumo, lakini haikatiki. Nyingine ni ya Hi-Fi, inasomwa na hedi zinazozunguka pamoja na picha. Ni safi karibu kama diski, lakini trakingi ikiyumba kidogo hutoa mlio wa nyuki. Rekodi za nyumbani za deki za bei nafuu zina ile ya kwanza tu. Kama mkanda una zote, nasa mara mbili, mara moja kwa kila njia, kisha chagua. Mara nyingine wimbo mmoja ni bora kwa Hi-Fi na unaofuata kwa mono.

Weka sauti kwa kilohezi 48. Kiwango kipime kwa wimbo wenye kelele zaidi, siyo kwa mazungumzo ya mwanzo: kwaya ya watawa au kilele cha wimbo wa mwisho visipite desibeli 6 chini ya kikomo. Sauti iliyopasuka kwa kuzidi haitengenezeki. Ukisikia mvumo mzito usiokoma, chomoa chaja ya kompyuta mpakato utumie betri. Mara nyingi hapo hapo unakatika.

Usiruhusu programu ifute mvumo kwenye nakala ya asili. Vichujio hivyo vya kusafisha sauti hufuta na pumzi za waimbaji na mkia wa violini.

Nakala ya kutazama

Faili la asili halipendezi kwenye simu. Tengeneza jingine dogo. Matangazo na mtangazaji vilirekodiwa kwa kamera ya video yenye mwendo wa nusu-fremu 50, wakati filamu yenyewe ina fremu 25 tu. Njia rahisi isiyoharibu chochote ni kuzipeleka zote kwenye fremu 50 kwa ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri:

ffmpeg -i asili.avi -vf "setfield=tff,bwdif=mode=send_field,setdar=4/3,format=yuv420p" -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac -b:a 192k kutazama.mp4

Watu wakitembea kwa kurudi nyuma na mbele kwa kutetemeka, badilisha tff iwe bff. Usinyooshe picha ijaze runinga pana ya leo. Iache na weusi pembeni, la sivyo kila mtu atakuwa mnene.

Kama familia inataka kuimba pamoja na kanda au diski ya nyimbo za filamu, toa sauti peke yake, ifungue kwenye programu ya Audacity na ubadilishe kasi iwe 0.96. Hapo itakaa kwenye ufunguo wa diski. Ila hiyo ni nakala ya kuimbia tu. Na kama kabla ya kubadilisha kasi, ufunguo tayari unalingana na diski, umepata dokezo: huenda kilichorushwa kilitoka kwenye nakala ya NTSC, ambayo haipandishi sauti.

Kuipandisha filamu nzima mtandaoni usifanye. Ina wenyewe, na itaondolewa. Weka ndani ya familia.

Kuutambua mwaka

Hii ndiyo sehemu yenye raha. VHS ilitoka mwaka 1976, hapo ndipo chini yake huwezi kwenda. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962 na Uganda 1963. Kituo cha Kenya kikijitaja Sauti ya Kenya, uko kabla ya jina la KBC la mwaka 1989. Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994, kwa hiyo mkanda wa Dar uliorekodiwa kabla ya hapo ama ulitoka Zanzibar, iliyokuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ama uliletwa na mtu kutoka nje. Nembo ya TVT, televisheni ya taifa ya Tanzania, haiwezi kuwa ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1990.

Kisha shuka kwenye matangazo: idadi ya tarakimu za namba za simu, bei ya mkate, salamu za Idi au Krismasi, kipande cha taarifa ya habari kilichoingia baada ya filamu. Mwite mzee aliyekuwa anabonyeza kitufe, mketi pamoja, simu ikiwa inarekodi sauti yake wakati anatazama. Muulize mambo madogo: runinga ilikuwa wapi, majirani walikaa wapi, nani alipanda kuelekeza antena. Akianza kuimba, mwache amalize.

Andika yote kwenye faili la maandishi ulilolipa jina sawa na video: aina ya mkanda, maandishi ya lebo kama yalivyo, deki uliyotumia, tarehe uliyonasa, dakika na sekunde ya kila wimbo, kila tangazo na kila mkato.

Kuhifadhi

Nakala ya asili iwe kwenye diski mbili, moja ikae nyumba nyingine, ikiwezekana mji mwingine. Ziwashe mara moja kwa mwaka na ufungue faili mpaka mwisho. Faili dogo wape ndugu wote. Kadiri linavyosambaa ndivyo litakavyodumu.

Mkanda wenyewe usiutupe. Urudishe wote kwenye rili moja, usiuache katikati, uweke wima kama kitabu ndani ya boksi linalobana na silika, mbali na spika, juu ya friji na dari ya bati. Lebo ya zamani iache ilivyo, na maandishi ya mama, na kama unataka kuongeza yako, yaandike kwenye karatasi uiweke pembeni.